Nina milioni 1.8: nichukue kompakti inayovuta mbali au kamera ya kubadilisha lenzi?

#1 Kijana wa Mkata (mleta mada)
Wakuu, habari za mida hii. Naongoza watalii Mikumi, huu mwaka wa tatu. Nina milioni 1.8 niliyoidunduliza tangu msimu uliopita, nataka kamera yangu mwenyewe maana nimechoka kuazima. Iwe ya wanyama na ndege wa hifadhini, na harusi ikitokea Morogoro mjini wikendi nisiikatae.

Kinachonitatiza ni hiki. Mwezi jana mgeni alinipa Nikon P900 yake nijaribu. Lenzi imejengewa humohumo, haitoki, na inavuta hadi unaona kupe kwenye sikio la nyati. Saa saba mchana tukamkuta simba jike kalala juu ya kichuguu, mbali kidogo na barabara. Nikavuta hadi mwisho, nikapiga picha kama thelathini. Dereva mwenzangu akampiga simba huyohuyo kwa Canon 2000D yenye lenzi ya 55-250. Jioni tukaziweka kwenye kompyuta. Simba wangu kajaa picha nzima, ila manyoya yamelainika kama kachorwa kwa rangi ya maji. Wa mwenzangu ni kadogo, kako katikati ya nyasi, lakini ukikakata na kukakuza unahesabu sharubu.

Mbona iliyovuta zaidi ndiyo imetoa picha mbovu? Na mimi nichukue ipi? Naomba kuwasilisha.

#2 Shemeji wa Wote
Nunua simu nzuri, hela itakayobaki toa mahari.

#3 Fundi Lenzi
Mkuu, jibu ni sensa tu, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha. Ya P900 ni ile inayoitwa 1/2.3, yaani milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, haifikii ukucha wa kidole gumba. Ya 2000D ni milimita 22.3 kwa 14.9. Piga hesabu ya eneo, ni kama mara 12. Sensa ndogo inapata mwanga kidogo, kamera inapandisha ISO (wepesi wa kuhisi mwanga), chenga zinajaa, halafu akili ya ndani ya kamera inazipiga pasi chenga pamoja na manyoya. Hiyo ndiyo rangi yako ya maji. Mada imefungwa.

#4 Binti Pangani
Mimi sensa ninayoijua ni ya 2022. Walikuja na vishikwambi, wakauliza tuna kuku wangapi, wakaondoka. Naendelea kujifunza, nimekaa siti ya mbele na bisi zangu.

#5 Mzee wa Kihonda
Fundi, usifunge mada ya watu. Saa saba mchana Mikumi jua linachoma utosi, ISO inapandia nini? Hapo hata 100 inatosha. Adui wa huyu kijana ni joto. Hujawahi kuangalia lami ya Morogoro kwenda Iringa mchana? Inatetemeka kama kuna maji barabarani. Hewa ya uwandani nayo inatetemeka hivyohivyo, ila kwa macho huioni. Ukivuta hadi milimita 2000, unamvuta simba pamoja na hewa yote iliyo katikati yenu. Hakuna kamera inayotibu hilo. Amka saa kumi na mbili asubuhi.

#6 Mpita Njia 77
Mzee, nimekuelewa, ila mwenzake si alipiga kwenye hewa ileile? Simba mmoja, saa ileile. Joto lilichagua kamera?

#7 Mzee wa Kihonda
Hilo swali zuri. Nipe muda.

#8 Dereva wa Vumbi
Mimi nina swali moja tu kwa mleta mada, na wenzangu wa kazi hii wanajua kwa nini nauliza. Injini ilikuwa imezimwa?

#9 Kijana wa Mkata
Hapana mkuu. Betri ya gari ilikuwa inasumbua tangu asubuhi, nikaogopa kuzima halafu tusukume mbele ya simba. Mwenzangu alikuwa kwenye gari lake, amezima.

#10 Dereva wa Vumbi
Basi. Dizeli inanguruma chini yako, wewe umeshika kamera mkononi umevuta 2000, unategemea nini? Kituliza mtikisiko cha ndani ya lenzi kinasaidia mkono unaocheza, hakijatengenezwa kwa ajili ya Land Cruiser. Na hata injini ikizimwa, mgeni wa siti ya nyuma akijikuna gari zima linacheza. Nina mfuko wa jinzi niliushonesha kwa fundi cherehani, nimeujaza maharage, naulaza kwenye paa au mlangoni, lenzi inakaa juu yake. Ule mfuko umenisaidia kuliko lenzi yoyote niliyowahi kununua. Maharage yakianza kutoboka nayapeleka jikoni, najaza mengine.

#11 Shemeji wa Wote
Huyu ndiye mtu wa kuoa. Hatupi kitu.

#12 Komredi Kipara
Acheni kumkatisha tamaa. P900 inavuta mara 125! Unaona kitu kikubwa mara 125 kuliko kwa macho. Hakuna Canon ya milioni mbili inayofika huko. Achukue hiyo.

#13 Mwalimu wa Fizikia
Komredi, hapo kuna makosa mawili. Kwanza, P900 ya 2015 ni mara 83. Ya mara 125 ni P1000 iliyotoka 2018. Pili, hiyo 83 haimaanishi kitu kinaonekana kikubwa mara 83 kuliko kwa macho. Ni 2000 ugawe kwa 24, mwisho wa kuvuta ugawe kwa mwanzo wake. Ukilinganisha na jicho, ambalo watu hulikadiria kwenye 50, unapata kama mara 40. Bado ni nyingi.

Sasa nimrudie Fundi wa #3, maana nadhani na yeye kakosea, ila kwa njia ya heshima zaidi. Kwa mnyama wa mbali, kinachopokea mwanga wake kwanza ni mdomo wa lenzi. Lenzi ya P900 ikivutwa hadi mwisho urefu wake halisi ni milimita 357 (ile 2000 ni ya kulinganishia na kamera za filamu), na tundu ni f/6.5. Gawanya, upate upana wa mdomo: milimita 55. Lenzi ya 55-250 mwisho wake ni 250 kwa f/5.6. Gawanya: 45. Kwa hiyo simba yuleyule, kutoka mahali palepale, kasi ileile ya shata, P900 imepokea mwanga mwingi zaidi wa simba. Sensa kubwa ya Canon nayo imejaa mwanga, lakini mwingi ni wa nyasi, na nyasi mwenzake amezikata akazitupa.

#14 Binti Pangani
Mwalimu, uko shule gani? Mwanangu ana D ya fizikia.

#15 Fundi Lenzi
Mwalimu, hesabu yako siipingi. Mdomo ni mdomo. Lakini wewe unapika kwenye karatasi, mimi natengeneza kamera. P900 haihifadhi picha ghafi, inakupa JPEG iliyokwisha kupikwa, na mpishi wake ana mkono mzito. Ukitaka ghafi ni P950 au P1000. Kwa 2000D unachukua ghafi, unapunguza chenga mwenyewe kwa kiasi chako. Halafu kuna uzee: zile lenzi ndefu zenye vioo vingi vinavyoingia na kutoka, ikianguka mara moja tu kioo kimoja kinakaa upande, na hamna wa kukirudisha sawasawa. Kamera ya mgeni uliijua historia yake?

#16 Mpita Njia 77
Kwa hiyo mpaka sasa tuna sensa, joto, injini, upishi na kuanguka. Mzee wa Kihonda, muda umekwisha.

#17 Mzee wa Kihonda
Nimerudi. Mleta mada, gari la mwenzako lilikuwa umbali gani na simba, na lilisimama upande gani?

#18 Kijana wa Mkata
Yeye alifika kabla yangu, kwa hiyo alikuwa mbele zaidi. Tuseme kama gari tatu hivi mbele yangu. Na picha nyingi alikuwa kashazipiga wakati mimi nafika.

#19 Mzee wa Kihonda
Mpita Njia, umesikia? Hewa haikuwa ileile.

#20 Dereva wa Vumbi
Wala injini haikuwa ileile.

#21 Mama wa Maharusi
Samahani wakaka, mmemsahau mtoto wa watu na harusi zake. Mimi niko Mwanza, napiga harusi mwaka wa kumi sasa. Nilianza na kompakti ya kuvuta mara 50. Nje ya kanisa, saa sita, hakuna aliyeona tofauti. Kasheshe ni ukumbini usiku. Taa za zambarau, MC kazima balbu zote ili maharusi waingie, kompakti inatafuta fokasi mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtu aliyepotelewa na funguo. Nilipata picha tatu za maana katika kuingia kwa maharusi, na mbili alikuwa kafumba macho. Mama mzazi wa bwana harusi hakunisalimia hadi leo.

Nikauza, nikachukua Canon ya mtumba na lenzi ya 50 ya f/1.8, ile ndogo nyepesi ya bei ya chini. Haivuti kabisa, unavuta kwa miguu. Lakini gizani inaona. Ndugu yangu, lenzi ya f/1.8 juu ya sensa ile na kompakti yako ya f/2.8 juu ya kale kaukucha vikiingia ukumbi mmoja, havilingani hata kidogo. Hapo Fundi wa #3 yuko sahihi kabisa, ila alikuwa anajibu swali la simba.

Na angalizo ukinunua za Canon kwa ajili ya harusi: 250D waliiondolea pini ya katikati pale juu panapokaa flashi. Flashi nyingi za bei nafuu za kampuni nyingine haziwaki. Kuna mdogo wangu amegundua hilo siku ya sendoff.

#22 Shemeji wa Wote
"Hakunisalimia hadi leo." Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#23 Mama wa Maharusi
Cheka tu. Na jambo jingine ambalo hamlisemi: ukiingia na kikamera kidogo, kamati inakuona kanjanja. Ukiwa na lenzi ndefu kifuani, unapewa sahani ya kwanza.

#24 Mpita Njia 77
Mimi kinyume. Nikiwa na kubwa kila mlinzi anataka kibali, kila mtu sokoni anataka alipwe. Kompakti naitoa mfukoni, napiga, narudisha, hakuna aliyeshtuka.

#25 Mtoto wa Mkunazini
Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, kwetu Unguja. Nina P1000, inafika 3000. Nakuambieni ukweli, hiyo mnayoiita kompakti ina kilo moja na gramu mia nne. Ukiivaa shingoni mchana kutwa jioni unamtafuta mchuaji. Kompakti kwa jina tu.

Lakini kwa mwezi haina mpinzani. Ina alama ya mwezi kwenye gurudumu lake na nyengine ya ndege. Mashimo ya mwezini unayaona moja moja. Mwaka jana Shaabani ishirini na tisa tulipanda nayo juu ya dari, jamaa wote wamekaa wanangojea niwaambie.

#26 Binti Pangani
Ukauona?

#27 Mtoto wa Mkunazini
Niliona taa ya mnara wa simu. Nikatangaza. Bado wananitania.

#28 Komredi Kipara
Hahaha! Mwezi mwandamo wa 5G.

#29 Fundi Lenzi
Turudi kwenye mada. Mleta mada, Kariakoo kuwa macho. Kuna vikamera havina jina la kueleweka, vimeandikwa 48MP na kuvuta mara 16. Kuvuta kwenyewe ni kukata picha na kuikuza, lenzi haisogei hata kidogo. Watu wanapigwa kila siku.

#30 Mpita Njia 77
Nilipigwa. Sitaki kuzungumza.

#31 Msee wa Naks
Sasa nyinyi watu wa TZ, maneno mingi lakini hakuna mtu amemwambia kijana kuhusu zile za katikati. Mimi niko Nakuru, napiga heroe pale ziwani na niko na Panasonic FZ1000 ya second. Sensa yake ni ya inchi moja, inavuta hadi 400, f/4 ukifika mwisho. Moja tu, sibebi mfuko wa lenzi. Ukiwa na pesa kuna Sony RX10 IV, hiyo inafika 600 na inapiga picha 24 kwa sekunde, lakini bei yake bana, uuze ng'ombe.

#32 Mwalimu wa Fizikia
Karibu, jirani. Ongezeko dogo: sensa ya inchi moja haina inchi moja popote. Ni milimita 13.2 kwa 8.8. Jina limerithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za zamani za video. Ni kama mara 4 ya ile ya P900, na theluthi ya ile ya 2000D.

#33 Msee wa Naks
Walimu wote ni wale wale, hata huku.

#34 Dereva wa Vumbi
Hakuna aliyegusa vumbi na ndilo linaloniua mimi. Kiangazi, barabara ya vumbi, gari likikupita unakula nusu kilo. Kompakti yangu ya kwanza, kila nikivuta lenzi inatoka kama kifua kinavuta pumzi, inaingiza vumbi ndani. Baada ya misimu miwili kukawa na doa jeusi kwenye kila anga. Fundi akaniambia kulifungua ni bei ya kamera. Nikaizika. Kwa ya kubadilisha lenzi vumbi linaingia pia, tena kirahisi, ila unapuliza, unafuta, maisha yanaendelea. Sharti usibadilishe lenzi gari likiwa linatembea. Namjua mtu aliyebadilisha juu ya paa, kifuniko kikamtoka kikaangukia kwa tembo. Hakikufuatwa.

#35 Komredi Kipara
Basi achukue 2000D leo, baadaye anunue ile RF 100-400 nyepesi, mambo yameisha.

#36 Fundi Lenzi
Komredi, leo umeamka na mguu gani? RF ni ya kamera mpya zisizo na kioo cha ndani, R50, R100 na wenzake. Haiingii 2000D hata kwa nyundo. Kinyume chake ndicho kinawezekana, za EF, zile za kamera zenye kioo kama 2000D, zinaingia R kwa adapta. 2000D achukue 55-250. Ile 75-300 ya bei chee aikimbie, mwisho wake picha ni maziwa.

#37 Komredi Kipara
Nimejiondoa kwenye uzi.

#38 Kijana wa Mkata
Asanteni sana wakuu. Nimesoma yote. Mwenzangu kakubali kuniazima 2000D, na kuna jamaa Morogoro anauza P900 iliyotumika, kaniruhusu niijaribu Jumamosi kabla ya kulipa. Nakwenda kwenye bwawa la viboko alfajiri, injini nimezima, mfuko wa maharage ninao. Nitaleta majibu.

#39 Binti Pangani
Lete picha, maneno tunayo.

#40 Kijana wa Mkata
Nimerudi. Saa kumi na mbili na nusu, furukombe katua kwenye mti mkavu ng'ambo ya bwawa. Kamera zote mbili juu ya mfuko mmoja, kwa zamu.

Akiwa ametulia: P900 imeshinda. Naona mstari wa njano kwenye mzizi wa mdomo, naona jicho limenitazama. Kwenye Canon nikimkata na kumkuza anakuwa vipande vya mraba. Sharubu za simba sijui zilikwenda wapi.

Akaruka. P900 nikapiga mfululizo, ikatoa saba ikaganda inaandika kwenye kadi. Katika saba, tano ni anga, moja ni ncha ya bawa, moja ni tawi alilokuwa amekaa. Akazunguka akarudi, nikashika Canon. Inapiga tatu tu kwa sekunde, lakini nilikuwa namwona kwenye kitundu cha kuchungulia muda wote. Nimepata moja mabawa yamefunguka yote, miguu inaning'inia. Kadogo, ila ni yeye.

#41 Mwalimu wa Fizikia
Milimita 55 kwa 45. Sisemi zaidi.

#42 Mzee wa Kihonda
Alfajiri, hewa ya baridi. Nami sisemi zaidi.

#43 Dereva wa Vumbi
Injini imezimwa na maharage yapo. Mbona mnajipa sifa?

#44 Fundi Lenzi
Anga tano hizo hukubonyeza kile kitufe cha ubavuni mwa lenzi. Ukikibonyeza P900 inarudi nyuma upate kumwona ndege, ukikiachia inavuta tena hadi pale ulipokuwa.

#45 Kijana wa Mkata
Kuna kitufe ubavuni?

#46 Mama wa Maharusi
Mdogo wangu, harusi yako ya kwanza ni lini, na ukumbi gani?

#47 Kijana wa Mkata
Tarehe 14, dada. Usiku. Ni ya binti wa bosi wangu.

#48 Mama wa Maharusi
Njoo inbox haraka. Hiyo 50 yangu nitakuazima.

#49 Shemeji wa Wote
Mahari je?